Ni Kano Tu, Mama

Jumatatu, 4 Machi

Siku nzima miguu! Tangu mvua zianze watu wanateleza kama wamepakwa sabuni. Madaktari nao wanaandika "ameteguka mguu", basi, wamemaliza. Ameteguka nini? Kano zimevutika, au mfupa umetoka mahali pake? Kifundo au wayo? Kulia au kushoto? Mimi ndiye wa kuwapigia simu, maana kila jeraha lina namba yake na kompyuta haipokei maneno ya mtaani. Mkuu wa kitengo chetu cha kumbukumbu za wagonjwa – tunamwita Miwani – kasema mbele ya wote kwamba kwenye S93, namba za miguu iliyoteguka, hakuna wa kuniweza. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba.

Jioni mama mkwe kakosa kipandio cha mwisho cha ngazi akiwa na beseni la nguo. Mguu wa kushoto ukajikunja chini yake. Mume wangu yuko safarini na lori. Jirani akasema twende hospitali. Nikaubonyeza mguu hapa na pale, nikasema ni kano tu, Mama, nayaona haya kila siku. Barafu, bandeji, mto chini ya mguu. Mama akamwambia jirani, si unaona, mkwe wangu anafanya kazi na madaktari.

Nilijisikia vizuri. Vizuri sana.

Jumatano, 6 Machi

Mguu umevimba juu. Mama anasema hata chini ya unyayo pamekuwa peusi. Nimemwambia ni damu inashuka, asiwe na wasiwasi, na atembeetembee usije ukakakamaa. Katembea mpaka jikoni akishika ukuta. Halafu kakaa kwenye cherehani yake, anakanyaga kwa mguu mmoja, mteja anataka gauni lake Ijumaa.

Jumatatu, 11 Machi

Nilisahau simu, nikarudi. Mama alidhani nimeshaondoka. Nimemkuta koridoni, anajivuta kwa makalio kwenda bafuni. Aliponiona alishika kitasa akajiinua, eti asimame.

"Ulisema nitembee, mwanangu. Leo nimechoka kidogo tu."

Jumanne, 12 Machi

Daktari wa mifupa aliiweka picha kwenye taa, na kabla hajafungua mdomo nikaona. Hata mimi! Mifupa ya katikati ya wayo imehama, imepandana kama viti vilivyorundikwa. Lazima upasuaji. Na huenda mguu usirudi ulivyokuwa. Angeletwa siku ileile... akaishia hapo. Kisha akamuuliza Mama, nani alikwambia uutembelee?

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha magurudumu, nimeshika mkoba wa Mama.

"Hakuna aliyeniambia, daktari. Mimi ni mkaidi tu."

Nilikuwa naufunga na kuufungua ule mkoba. Kazi zangu zote za maana nilizofanya leo ni hizo.

Alhamisi, 14 Machi

Wamemtia vyuma. Mume wangu kapiga simu toka barabarani. Nimemjibu kwamba Mama anaendelea vizuri.

Ijumaa, 15 Machi

Faili la Mama limeletwa mezani kwangu pamoja na mengine. Ningeweza kumpa mwenzangu. Nimelifanya mwenyewe. S93.3, mifupa ya wayo kutoka mahali pake. Namba ninayoijua hata usingizini. Chini daktari kaandika: mgonjwa alipuuza jeraha.

Miwani akapita, akasomea begani kwangu, hajui ni faili la nani. Eti wazee bwana, huyu bibi anautembelea mguu kama huu wiki nzima! Akacheka.

Na mimi nikacheka. Nikacheka!

Jumapili, 24 Machi

Wifi amefika jana. Dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu mkuu, anaongea na kila mtu kana kwamba yuko mstarini. Mama ametolewa hospitali, bandeji mpaka gotini. Hata salamu hazijaisha, wifi kaanza. Mama, umekuwa mtoto? Unaumia unakaa kimya, na nyumba ina mtu wa hospitali? Mama kainamisha kichwa, anachezea pindo la blauzi. Mama, ambaye wanawake wa mtaa mzima wanapanga foleni apime viuno vyao na awaambie ukweli wao!

Ikaamuliwa. Atahamia kwa wifi, ghorofa ya nne, ili awe na wa kumwangalia. Cherehani itabaki, mguu wenyewe hauna kazi tena. Wateja waambiwe. Mume wangu, aliyerudi juzi, kasema sawa, labda ni vizuri. Mama kasema hataki. Wifi kamjibu, mtu asiyejua hata kusema anaumia hana cha kutaka.

Nikainuka. Kweli niliinuka. Mama akaniomba nimsogeze jikoni, anataka maji. Huko akanishika mkono.

"Usiseme. Namjua binti yangu huyu, hatakusamehe. Atakuwa wifi yako wewe, miaka yote. Mimi nishazoea kelele zake."

"Lakini Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine?"

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira. Nikamnywesha maji, nikamrudisha sebuleni, nikakaa. Kirahisi hivyo.

Jumatatu, 25 Machi

Nimejifungia chumbani kwake. Nimewaambia natafuta shuka zake. Mabegi yako nje tayari, wifi anapiga honi kama anaita wanafunzi. Cherehani imefunikwa kitambaa, na mteja mmoja alikuja asubuhi, akaambiwa hapa hakushonwi tena. Aliuliza kwa nini. Wifi kamweleza yote: ukaidi wa Mama, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa napanga vikombe.

Mama ananiita toka sebuleni. Anataka kiatu.

"Kimoja tu, mwanangu! Kile cha kulia. Cha kushoto nitakipeleka wapi?"

Anacheka. Wifi karudi ndani, kamwambia aache utani, huu utani wake ndio umemfikisha hapa. Kicheko kimekatika.

Kiatu kiko hapa mapajani. Kimechakaa kisigino. Mume wangu anagonga mlango, anauliza nimekipata au bado. Nimesema bado. Anagonga tena – taratibu, anauliza mbona unalia –