Kapu la Ijumaa

Baba Pancras,

Viazi vimo chunguni. Mbuzi hajanywa maji, mpeleke.

Tangu vita vianze unaniambia kapu letu la maharage la kila wiki, la shamba la ujamaa, wanapelekewa askari. Nami nikala kidogo kwa furaha, nikidhani maharage yale yanamfikia mwanetu Pancras huko mpakani. Leo asubuhi nimemuuliza katibu wa kijiji. Akashangaa: "Mama, mzee si hulichukua kila Ijumaa?" Nimelikuta kwa Eustakia, maharage mapya yakichemka. Amenikaribisha nile.

Ungesema tu unampenda. Kwa nini umtaje mtoto?

Niko kwa dada, kule Nemba. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Usinifuate. Lakini barua ya Pancras ikifika, niletee siku hiyo hiyo.

Mama Pancras