Robo Sekunde ya Rahimu

Makorora, 3 Mei 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo, wewe na mama. Mimi mzima, alhamdulillahi. Vipi masikio?

Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii na meseji huzitaki. Kifaa nilichofunga kwenye boti ya kaka Rahimu kinatuma vizuri, tatizo liko huku kwangu. Kila dakika kumi kinalia robo sekunde tu, kinataja namba ya boti na mahali ilipo, kisha kimya. Programu yangu inatakiwa iudake mlio huo na kuugeuza maneno. Mlio unadakwa, maneno hayatoki. Wafadhili wa mradi wangu wanakuja tarehe ishirini. Nikishindwa wanachukua vifaa vyao, na kaka atakuwa baharini bila mtu kujua aliko. Naogopa, Baba. Nimekuchapia picha ya mawimbi ya redio niliyoyadaka.

Mwanao,
Najat

Moa, 6 Mei 2024

Mwanangu Najat,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila ulimi mzima. Masikio yangu yapo, yanashikilia miwani.

Picha nimeitazama mpaka chai ikapoa. Miaka ishirini na sita niliyokaa chumba cha redio bandarini, hatukuanza na habari hata siku moja. Tuliita kwanza, tukarudia, ili mwenzio azungushe kitufe akupate sawasawa. Ndipo habari. Mlio wako huu umeanzia katikati. Salamu yake iko wapi? Naona programu yako inakwenda kufungua mlango mgeni ameshamaliza hodi zote. Usilie, ni haraka za ujana tu hizo.

Baba yako

Makorora, 10 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Goti la mama laendeleaje? Mwambie alikande kwa maji ya moto.

Ulivyosema ndivyo! Mlio unaanza na salamu, moja sifuri moja sifuri, ili kipokezi kijipange. Mimi nilikuwa naikata. Sasa programu inatunza sekunde moja ya nyuma muda wote. Ikishtuka, inairudia salamu, inajiweka sawa, ndipo inasoma. Hapa mezani, katika milio mia imesoma tisini na nane. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwinyijuma wa bodaboda anakuletea kompyuta na antena. Maneno yatatokea kwenye kioo. Nataka ukae zamu wewe. Mama ameniambia kwamba tangu masikio yafe unajiona huna kazi duniani. Kazi hiyo hapo, Baba.

Mwanao,
Najat

Moa, 17 Mei 2024

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sote wazima, na mwenye goti anakanda unga tena.

Nisamehe kukawia, antena ilinitesa. Jana bahari ilichafuka na Rahimu yuko nje. Mama yako alikaa mlangoni na tasbihi, mimi mbele ya kioo. Saa nane kasorobo mchana ukatokea mstari: boti namba saba, na mahali ilipo. Baada ya dakika kumi, mwingine, karibu zaidi. Nikawa namwambia mama yako kila mstari, sijui kwa sauti gani, maana majirani walikuja mbio wakidhani tuna msiba. Kaka yako alifika kabla ya magharibi.

Najat, miaka minne sijasikia sauti ya mtu. Jana nilimsikia mwanangu.

Baba yako