Nafasi Niliyosahau Kujaza

Kuopio, Machi 20

Shangazi Tuulikki mpendwa,

Shikamoo. Unajua kila Jumapili naandika kwenye jukwaa la wasomaji mtandaoni. Natumia kiolezo: maneno ni yaleyale, najaza tu nafasi zilizo wazi. Juzi nilisahau kujaza, nikatuma: “Wiki hii nimesoma JINA LA KITABU. Mwisho wake umenigusa sana.” Watu kumi na wanne walijibu. Mmoja aliandika, “Hata mimi kilinitoa machozi, rafiki!”

Mama alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akauliza, “Aapo, na shangazi yako unamwandikia hivyohivyo?”

Ndiyo, Shangazi, barua ninazokutumia zina kiolezo. “Baba na Mama hawajambo, wanakusalimu” huwa sibadilishi.

Ukweli ni kwamba tangu Februari Baba analala kwenye sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, juu ya benchi la mbao. Wanaongea kwa vikaratasi vya kwenye friji. Jana Baba aliandika, “Aapo, mwambie mama yako maziwa yamekwisha.” Mama alikuwa amesimama palepale.

Wewe ni dada mkubwa wa Baba, anakusikiliza. Njoo Pasaka, tafadhali. Utalala chumbani kwangu, maana sauna ina mtu.

Mwanao, leo bila kiolezo,
Aapo