Betri ya Siku ya Mazishi

Ha Mokhethi, Mafeteng
9 Februari 2021

Mama mpendwa,

Naahidi kukueleza kila kitu katika barua hii, hata yale niliyotakiwa kuyanyamazia. Lakini kwanza nakusalimu kwa heshima. Je, u mzima huko Bloemfontein? Kifua kimeacha kukubana? Na hao unaowafanyia kazi, wanakuacha upumzike japo kidogo? Sisi tunapumua. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yananifika kifuani, ila hakuna mwenye moyo wa kuyatazama. Nimeandika kwa sababu simu ni ya Mjomba, naye hukaa karibu kila ninapoongea nawe. Ntate Molupe, dereva wa lori la unga, amekubali kukuletea barua hii, maana siku hizi mpakani hupita chakula tu.

Mara ya mwisho tulipozungumza ulilia, ukasema kompyuta ile kuukuu ndiyo iliyokunyima kumwona Bibi akizikwa, na kwamba Mungu amekuadhibu kwa kumnunulia mwanao kitu kilichochakaa. Hukunichagulia wewe, Mama. Niliichagua mimi, na nataka ujue nilivyoichagua.

Siku ile kabla ya Krismasi, muuzaji alituwekea mimi na Mjomba kompyuta mbili mezani. Moja ilikuwa mpya, nyembamba, ya rangi ya waridi, nami nikaipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa nene na nyeusi, imetoka ofisini, herufi zake nyingine zimefutika. Lakini Mwalimu Mpolokeng alikuwa amenifundisha nisitazame uso tu: nifungue na kufunga kioo nisikie kama bawaba zinalia, nibonyeze kila herufi, halafu niigeuze nione tumbo lake. Ile ya waridi tumbo lilikuwa limezibwa kama yai. Ile nene ilikuwa na skrubu, na betri yake ilichomoka kwa kidole. Muuzaji alicheka, akaniuliza mbona nataka kuolewa na mzee na kijana yupo. Mjomba Sekhobe akamjibu kwamba mzee mwenye ng'ombe hachekwi. Tukaondoka na mzee wetu.

Kisha Januari ikaja na ugonjwa, mpaka wa nchi ukafungwa, maduka yote yakafungwa isipokuwa ya chakula na dawa. Bibi alichukuliwa na gari la hospitali, na hatukuruhusiwa kumfuata. Yaliyompata huko unayajua. Unajua pia Mjomba alivyokuahidi kwenye simu: kwa kuwa huwezi kuvuka, yeye mwenyewe angemfunika Bibi kwa blanketi aliloolewa nalo ili asiingie kaburini na baridi, nami ningeshika kompyuta uone yote. Shangazi alinung'unika kwamba nyumba ya msiba vioo vyote hufunikwa, na kioo ni kioo. Mjomba akamwambia aache, kioo hiki ni macho yako wewe, dada yake.

Ijumaa, tukiwa tunaosha masufuria ya wageni wachache walioruhusiwa, nilijaribu kuiwasha ikakataa. Haikutoa hata taa. Mjomba alimpigia fundi Lebeko, ambaye duka lake lilikuwa limefungwa kwa amri kama mengine, akanipa simu. Fundi aliniambia niache kwanza kulia, maana mashine haipendi maji. Nikachomoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu kama alivyosema, nikaunganisha chaja peke yake. Ikawaka! Fundi akasema basi mwili ni mzima, kilichokufa ni betri, na kwamba ningenunua ile iliyozibwa kama yai, kesho tungezika wawili. Halafu akaona alichosema, akaniomba radhi.

Lakini makaburini hakuna umeme, Mama. Fundi alipekua mashine mbovu alizonazo nyumbani akapata betri ya aina ileile. Yeye hakuruhusiwa kuvuka kizuizi cha darajani, wala mimi, hivyo akaifunga kwenye mfuko wa mkate akamwachia polisi. Yule polisi aliinyanyua mbele yangu akauliza hili ni bomu au ni mkate wa chai ya Jumapili, mbona zito hivi, binti. Nilipomweleza habari za Bibi na zako, alivua kofia. Akanisogezea mfuko kwa ncha ya fimbo, asinikaribie, akasema nimsalimie mama yangu. Basi nakufikishia salamu zake.

Jumamosi asubuhi ulionekana vizuri ukiwa na kitambaa chako cheusi, nawe ukatuona sisi na kilima na shimo. Uliuliza mbona tuko wachache. Kisha gari likafika, na kwako kukawa giza.

Mama, kompyuta haikuzimika. Betri ya fundi Lebeko ilikuwa imejaa.

Mjomba alitoka mbele na blanketi mikononi, amelibeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Watu wa afya, wale wa mavazi meupe, wakamzuia. Alisema yeye ni mwana wa marehemu. Wakasema jeneza limezibwa, halifunguliwi, wala hakuna kinachowekwa juu yake. Akapiga magoti, Mama. Mjomba ambaye hata kanisani husingizia goti linauma. Mmoja wao akamwambia kwa upole, Ntate, baba yetu, tafadhali, leo tuna wengine watatu. Ndipo akainuka, akaja moja kwa moja kwangu, akaifunika kompyuta na mikono yangu kwa blanketi lile, akasema kwa sauti kwamba kwenye msiba kioo hufunikwa.

Nilikusikia chini ya blanketi. Ulikuwa ukisema, "Kene, sioni. Geuza huku, mwanangu, sioni." Ulisema hivyo muda wote walipokuwa wakishusha jeneza kwa kamba. Wimbo wetu ulikuwa haujafika ubeti wa pili, wakawa wamemaliza. Mjomba akaninong'oneza nifunge, nikafunga. Alipokwambia baadaye kwamba betri iliisha, nilikuwa nimesimama pale pale, nikatazama chini.

Bibi alizikwa bila blanketi. Hicho ndicho Mjomba hakutaka ukione. Sasa hukaa nyuma ya zizi, sahani yake inarudi imejaa, Shangazi anahofu kwamba naye ameugua. Blanketi limo ndani ya sanduku, na hakuna anayelitaja.

Mimi nasoma kwa kompyuta ileile, na betri hunifikisha jioni. Hesabu zimeanza kunikubali. Fundi Lebeko amesema duka likifunguliwa atanionyesha jinsi ya kuchomelea waya. Mwalimu Mpolokeng anakusalimu, Shangazi na watoto wanakusalimu, na jirani zetu wanakupa pole tena na tena. Funika kifua usiku, Mama, na unywe maji ya moto.

Ntate Molupe anarudi na lori wiki ijayo, tafadhali mpe jibu la swali hili moja, kwa maana Mjomba hajui kama nimekuandikia: je, nimwambie kwamba sasa unajua, au nisubiri mpaka utakapokuja umwambie mwenyewe?

Binti yako akupendaye,
Keneuoe