Mama, Mfupa Bado Haujashika

Mama,

Uliniachia ng'ombe wako mweusi, na ng'ombe akanikataa. Wewe ulimkama ukimwimbia. Mimi nilimwendea kimya, wiki ileile tuliyokuzika, akanipiga teke la mdomo. Meno mawili ya mbele yakaenda na kipande cha mfupa. Nililala pale kwa matope nikikuita wewe.

Daktari wa meno kule Kericho alisema siwezi kuwekewa meno ya kudumu, hakuna mfupa wa kuyashikilia. Akaniwekea unga mweupe wa mfupa uliotengenezwa maabara. Si wa mtu wala wa ng'ombe, nilimuuliza mara mbili. Mfupa wangu ukikubali, utaota polepole ndani ya huo unga. Juu yake akatandika utando mwembamba, kama ule wa maziwa yaliyopoa, kwa sababu ufizi una haraka na mfupa ni mvivu. Bila utando, nyama ya ufizi ingejaza nafasi yote. Akashona, akaniambia, "Huu mdomo wa juu usiuguse."

Lakini watu wa hapa Boito unawajua. Viti vya matanga viliporudishwa, hakuna aliyekuja tena. Nyumba ilinyamaza mpaka nikawa naongea na sufuria. Waliposikia nimewekewa mfupa, wakaja! Mama mdogo Esther, dada yako, alikuwa wa kwanza, na kibuyu chake cha mursik, maziwa yake ya kugandishwa. Halafu wamama wa kanisa, halafu wale tunaochuna chai pamoja. "Hebu tuone huo mfupa wa kutengenezwa." Nami nilifurahi, Mama, wacha niseme ukweli, nilifurahi kuona viatu vya watu mlangoni. Kila mmoja nilimwinulia mdomo aone. Ungekuwepo ungewafukuza wote. Ungesema, "Mgonjwa si televisheni!" vile ulivyowaambia nilipougua surua.

Jana daktari aliangalia, akaweka kioo chake chini. Kisha akauliza, "Nani amekuwa akivuta huu mdomo?" Nyuzi zimeachia na utando uko nje, unaonekana. Akasema nisukutue na dawa, nisiongee, nisicheke, nisilie. Usaha ukitoka, ataondoa kila kitu, na mfupa uliobaki utazidi kuliwa. Hakuniambia tutaanza upya.

Eti nisilie! Tangu uende, kulia ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Naogopa, Mama. Mimi msichana mzima naongea nikiwa nimeficha mdomo kwa kiganja, na sasa hata kuongea nimekatazwa. Usiku naomba, lakini sijui kama Mungu anasikia mtu anayeomba bila kufungua mdomo. Nimechoka. Nimechoka kabisa. Ningetaka tu uje unishike kichwa.

Nimefunga mlango na komeo. Nakuahidi sitamfungulia mtu yeyote mpaka nyama izibe, hata wakiniita mwenye madharau, hata wakiapa hawatakanyaga hapa tena. Na wakiapa, nitabaki na nani? Lakini nimeahidi. Kwaheri, Mama wangu. Lala, usinikasirikie.

Mama mdogo yuko nje sasa hivi. Anabisha, anaita, Chelangat, Chelangat, na sauti yake ni yako kabisa. Nikifungua nitalia. Nimekaa sakafuni, mkono mmoja umefunika mdomo, mwingine unakuandikia, na wewe bado unabisha.