Uzi Ndani ya Kola

Jumatatu, 4 Machi

Binti wa geti jeusi kaleta tena mfuko wa mashuka. Mlinzi wao kabaki nje kivulini na soda yake, kama kawaida. Hiyo ndiyo safari pekee binti anayoruhusiwa: kwa bosi wake hadi hapa kwenye duka letu la dobi, na kurudi. Mshahara hajawahi kuuona. Pasipoti yake imefungiwa kabatini. Leo kaegemea meza yangu, kasema taratibu, "Dada, na mimi nipitishe."

Kumbe wanajua! Wasichana wa majumbani wanaambizana kwenye foleni ya mikate. Njia yenyewe hata si njia — mlango wetu wa nyuma, uwanja wa kuanikia, upenyo kwenye ukuta wa jirani mwenye tanuri la mikate, halafu gari la Kimya. (Dereva wa mikate. Tumemwita Kimya kwa sababu hanyamazi.) Anawashusha stendi ya mji wa pili, shangazi yangu anawapokea. Wawili walishapita salama. Nimemwambia Jumatano.

Jumatano, 6 Machi

Kaondoka! Sare yake tumeitumbukiza kwenye beseni, tukamvika gauni la maua lililokaa rafuni siku nyingi bila mwenyewe kulifuata. Limemkaa! Kajitazama kwenye kioo, kacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Mlinzi alipoingia kumuulizia, wifi yangu, anayepiga pasi, akamjibu bila kuinua kichwa kwamba binti katoka zamani kwa mbele, au yeye alikuwa kasinzia? Mbio alizotimua! Nimecheka hadi mbavu zikaniuma.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi kaja mwenyewe. Mpole mpaka inatisha. Kachukua mashati yake, kashukuru, kaenda.

Kimya hajaleta habari.

Jumamosi, 9 Machi

Kimya kaja. Kakaa kwenye benchi, hakusema neno. Nikajua.

Baadaye akasimulia alivyoambiwa na wapiga debe wa pale: wamemkamata stendi, kabla shangazi hajafika. Watu wa bosi walikuwa wanazunguka stendi zote. Walimbana aseme nani kamtorosha. Akasema hakuna, gauni kaliiba kwenye kamba ya mtu. Akashikilia hivyo hivyo, wakampiga, akashikilia. Mpaka mmoja wao akageuza kola.

Uzi wa kijani, vishono viwili vya kupishana. Alama yetu. Kila nyumba tunayoifulia ina rangi yake, ndani ya kola, nguo zisichanganyike. Ya bosi nyeusi, vishono vile vile, anaviona kila akivaa shati. Wale wawili wa kwanza niliwapa nguo zangu mwenyewe, hazina alama. Hili la rafuni nilikumbuka hata kulinyoosha, uzi sikuufumua. Na ni mkono huu huu ulioushona!

Yeye hakunitaja. Nimejitaja mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Wifi anasema sikukusudia. Najua. Inamsaidia nini yule?

Jumatatu, 11 Machi

Mfuko umekuja. Kauleta yeye. Mdomo umevimba, hanitazami. Safari hii mlinzi kaingia naye, kabeba kiti, kakiweka kwenye mlango wa nyuma, kaketi. Bosi hataki polisi, angewaeleza nini? Kiti kinamtosha.

Juu ya mashuka, gauni la maua. Binti kasema alichoagizwa, macho sakafuni: "Bosi anasema lifuliwe, lirudi rafuni kwenu."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Mbele ya mlinzi nikaishia kuhesabu mashuka.

Chini kabisa ya mfuko, sare mbili mpya. Ndogo. Mabega yake hayafiki shibiri moja na nusu. Mlinzi anasema kaletwa mwingine wa kusaidia, hizi zitiwe alama sasa hivi, anangoja.

Nimeingia chumba cha pasi nikisingizia kutafuta uzi. Ninaandika nimesimama. Uzi mweusi uko hapa hapa mbele yangu. Wifi anapiga pasi shuka lile lile, pale pale palipokwisha kunyooka, machozi yanadondokea kitambaa.

Mlinzi ameita tena. Nakuja, nimemjibu. Sindano bado haina uzi.