Raheli na Benchi la Nyuma

Tunduma, mpakani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia tena, shikamoo, maana moja haiwezi kutembea peke yake kutoka Tunduma hadi Karatu bila kuchoka njiani. Mgongo unaendeleaje? Na kifua cha Mama? Mahindi yamebeba, au nguruwe-pori wamewahi kuvuna kabla yenu? Mimi ni mzima kama tairi jipya. Mwanao sasa anavuta tela refu kuliko kanisa lenu. Polisi wa mpakani wananiita Mkuu, na kwenye mlima wa Kitonga madereva wengine wananipisha wenyewe. Sijisifu, naeleza tu.

Cheka hapo hapo, Baba, maana yanayofuata hayana kicheko.

Juzi alifika hapa Bura, yule fundi wa matrekta jirani yetu, amepata lifti kwenye lori la maharage. Nikamwagizia chai, nikamwuliza habari za nyumbani. Akakoroga, akakoroga, na sukari yenyewe haimo, siku hizi nani anayo? Nikajua kuna jambo.

"Mdogo wako Raheli ana mimba," akasema. "Wazee wa kanisa wamemtoa kwenye ushirika. Anakaa benchi la nyuma, pale mlangoni, na mtu haruhusiwi kumpa mkono."

"Nyumbani je?"

"Analala kwenye kibanda cha mahindi. Ana sahani yake. Vibuyu vya maziwa hagusi."

"Nani kaamuru?"

"Baba yako. Yeye ndiye aliyesimama kusoma hukumu."

Halafu akaniambia kwamba Askofu anakuja kubariki kanisa jipya, na kabla hajafika Raheli atapelekwa Samunge kwa yule mwinjilisti rafiki yako, akajifungulie huko milimani, tumbo lisionekane.

Baba, nimekasirika. Karatasi ya kwanza nimeichana kwa sababu haikuwa na adabu. Hii ya pili nayo uisome umekaa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitufundisha habari za metimani, ule mwiko wa mababu? Ulikuwa ukisema, zamani za giza, msichana akishika mimba nyumbani kwao aliitwa najisi. Alifukuzwa akajenge kibanda porini, asiguse maziwa ya mtu, ng'ombe wasije wakafa na mvua ikakatika. Shangazi yako mwenyewe alizalia msituni, kule juu kwenye ukungu wa kreta, na mtoto akafa kwa baridi.  Ukifika hapo ulikuwa unafunga Biblia, unasema Injili ndiyo iliyotutoa huko. Mimi nilikuwa mdogo, lakini neno hilo nililiamini kuliko katekisimu nzima.

Sasa niambie, kibanda cha mahindi ni nini? Sahani ya peke yake je? Na hivyo vibuyu, vimeandikwa sura gani? Shule yangu iliishia darasa la tano, lakini Biblia naisoma. Foleni ya mpakani ni ndefu, bia huisha mapema, Biblia haiishi. Sijakuta kibuyu hata kimoja humo ndani. Hiyo ni metimani ileile, Baba. Mmeivisha kanzu ya mchungaji tu.

Na ule ukoo wa mwanzo wa Mathayo, ambao mwalimu wa Jumapili alikuwa akiuruka kwa sababu majina ni mengi, mimi nimeusoma polepole. Yumo Tamari. Yumo Rahabu, yule kahaba. Yumo mke wa Uria. Hakuna aliyewafuta. Na mwishoni yumo msichana wa Nazareti mwenye mimba na hajaingia kwa mume. Najua utasema ile ilikuwa ya Roho Mtakatifu. Sawa kabisa. Lakini majirani walijuaje? Kama baraza lenu lingekuwa Nazareti, Mariamu angeambiwa afungashe aende Samunge. Bahati yake alimpata Yusufu.

Hapa tunakula kwa Mama Sikujua, anapika wali na maharage, ana watoto watatu na mume hana. Nikamsimulia.

"Na mwanamume?" akaniuliza.

"Mwanamume yupi?"

"Wewe dereva, kwani dada yako alishikwa mimba na upepo? Aliyempa mmemkalisha benchi gani?"

Ikabidi niseme alivyoniambia Bura. Ni mwalimu wa kwaya. Raheli alimtaja mbele ya baraza, akaambiwa asimpake matope mtumishi wa Mungu. Jumapili jamaa anasimama mbele, anapunga mikono, anaimbisha.

Mama Sikujua akaweka mwiko chini, akacheka mpaka wateja wakageuka. "Basi wazee wenu wanaona matumbo tu!"

Nikalipa wali wangu, nikaja kutafuta karatasi. Hilo swali ni lako, Baba, wewe ndiye ulikuwa kwenye kikao.

Sikuombi umfutie dhambi. Hiyo si kazi yako wala yangu. Naomba asipelekwe Samunge. Njia ile naijua, nimeipita na gari. Mvua ikinyesha hata Landrova inalala porini, sembuse mwanamke mwenye uchungu. Karatu kuna zahanati, mkunga yupo, Mama yupo. Mtoe kibandani leo, kabla hujaikunja barua hii. Wazee wakikuuliza, waambie ni mwanao mlevi wa Tunduma amekuchanganya akili. Lawama zote nibebesheni mimi, nimezoea mizigo.

Bosi amenipa likizo, nakuja mavuno yakianza. Nina sabuni za Mama na blanketi la mtoto. Nikikuta Raheli ameshapelekwa, nitapita mlangoni kwako bila kunywa maji, nimfuate hukohuko, nije naye Tunduma. Chumba ninacho.

Nisalimie Mama, mwambie asilie kwa kujificha. Nisalimie mjomba mwenye ng'ombe kule Soitsambu, na shemeji yangu, mke wa kaka mkubwa. Hata yule mzee wa kanisa mwenzako anayetunza funguo, msalimie, ingawa nimemnunia. Raheli mpe mkono, ndiyo salamu yangu kwake.

Neno la mwisho. Mtoto asiye na baba wa kumtaja huitwa kwa jina la babu yake, unajua hivyo. Basi huyu atabeba jina lako, azaliwe chumbani kwa Mama au azaliwe porini kama yule wa shangazi yako. Unachochagua wewe ni mahali pa kuzaliwa tu.

Ni mimi mwanao, mwenye hasira nyingi na mapenzi zaidi yake,

Zakaria